Mwezi wa Pili Utaharibu Bei ya Mukene

Kila anayeanza kuandika hadithi za ulimwengu wa kubuni huanza kwa kuongeza mwezi. Mmoja haumtoshi, anaweka miwili; aliyeichoka miwili anaweka mitatu, na mmoja lazima uwe mwekundu. Ukurasa wa kwanza ukishapita, hakuna anayeitazama tena. Mashujaa wanatembea usiku kucha katika giza totoro chini ya miezi mitatu, wanajikwaa kwenye mizizi, na msomaji hatakiwi kuuliza mwanga umekwenda wapi.

Mimi nauliza. Huku kwetu Uganda mwanga wa mwezi una watu unaowalisha na watu unaowalaza njaa, na sijaona kwa nini ulimwengu wa kubuni usiwe nao pia.

Nenda Kiyindi, au mwalo wowote wa Ziwa Victoria wanakovua mukene, wale samaki wadogo ambao Mwanza wanaitwa dagaa na Kisumu omena. Kazi yao ni ya usiku. Mtumbwi unaingia majini na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa inawashwa juu ya maji, samaki wanaufuata mwanga, wavu unawazunguka. Sasa mwezi ukishapevuka, ziwa lote linang'aa na taa yako haina la kuwaambia samaki. Siku hizo mitumbwi mingi hubaki ufukweni, nyavu zinashonwa, na akina mama wanaoanika mukene juani wanakaa hawana cha kuanika. Kwa hiyo kalenda ya mwaloni haianzi tarehe mosi. Kuna siku za giza, ambazo ni za kazi, na kuna siku za mbalamwezi, ambazo ni za kukopa.

Masaka nako, ukifika msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, mwezi wa Novemba, watu husimamisha mabati na mapipa, wakawasha balbu kali zinazoonekana kutoka mbali. Mtegaji wa nsenene haupendi mwezi mpevu hata kidogo. Mwezi unaoimbiwa na washairi, kwake ni mshindani wa biashara.

Ndiyo maana nasema kipimo cha mwezi wa kubuni si uzuri wake. Nionyeshe nani anapata na nani anakosa unapochomoza. Ukiongeza mwezi wa pili angani na bei ya samaki sokoni ikabaki palepale, hujaongeza mwezi, umechora pambo.

Najua nitajibiwa kwamba hizi ni hadithi za uchawi, na uchawi hauulizwi fizikia. Sawa. Miezi yako ishikiliwe na uchawi, mizimu au nyuzi za buibui, sina ugomvi. Lakini mwanga ukishafika chini, umefika, na mvuvi aliye chini hajali ulishikiliwa na nani.

Tena hesabu yenyewe ni tamu kuliko watu wanavyodhani. Mwezi wetu uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400. Tuseme unaupenda mkubwa, wa kutisha, basi uusogeze hadi theluthi ya umbali huo. Upana wake machoni unakuwa mara 3. Mwanga wake unakuwa mara 9. Nguvu yake ya kujaza na kupwesha maji inakuwa mara 27. Na kwa kuwa umekuja karibu, unakimbia zaidi: badala ya kuizunguka dunia kwa siku 27 na ushei, unamaliza kwa siku tano hivi. Hebu fikiria mwenye nyumba anayedai kodi kila mwezi katika ulimwengu huo.

Sisi wa ziwani hatuna mazoea na kupwa na kujaa. Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, halina bamvua wala maji mafu ya kumsumbua mtu; hayo ni mambo ya Lamu na Pangani. Lakini katika ulimwengu wa mara 27, mtu wa pwani hawezi kufunga chombo wala kujenga kibanda bila kujua saa za maji. Sijui waandishi wangapi wameweka mwezi mkubwa hivyo juu ya mji wa bandari, kisha wakajenga nyumba mchangani kabisa.

Kosa linaloniudhi zaidi ni dogo, na liko hata kwenye majalada ya vitabu: miezi miwili imekaa bega kwa bega, mmoja mpevu, mwingine mwembamba wa siku mbili. Haiwezekani, ikiwa vyote viwili vinamulikwa na jua lilelile moja lililo mbali. Vilivyo upande mmoja wa anga huonekana vimemulikwa karibu kwa kiasi kilekile. Vilevile mwezi mpevu huchomoza jua linapotua, kwa hapa Kampala karibu na saa moja jioni, na mwezi mwandamo hauwezi kuwa utosini saa sita za usiku. Mtoto yeyote aliyecheza nje usiku umeme ulipokatika anayajua haya bila kufundishwa.

Na anayedhani sheria hizi zinabana ubunifu aangalie jirani zetu wa kweli. Mirihi ina miezi miwili midogo, na mmoja, Phobos, unaizunguka sayari kwa saa 7 na dakika 39 hivi, haraka kuliko sayari inavyojizungusha yenyewe, hivyo ukisimama kule utauona ukichomoza magharibi na kutua mashariki. Sayari ya Mshtarii (Jupiter) ina miezi Io, Europa na Ganymede, ambayo Galileo aliiona mwaka 1610: Ganymede ikizunguka mara moja, Europa imezunguka mara mbili na Io mara nne, na mvutano huo unaifinyafinya Io mpaka inatapika volkeno. Hakuna mwandishi aliyebuni hayo.

Nije kwenye nyota, maana huko ndiko tunakonyang'anywa anga letu huku tukipiga makofi.

Barabara ya Masaka, pale Kayabwe, ndipo mstari wa ikweta unapopita. Wageni hushuka kwenye magari, wanapiga picha, halafu wanaonyeshwa maji yakizunguka kwenye karai, upande huu hivi na upande ule vile. Karai ni mchezo tu. Hatua chache kutoka kwenye mstari haziwezi kuyageuza maji. Jambo la kweli la ikweta liko juu ya vichwa vyao, ila wanaondoka kabla halijaonekana. Kwetu nyota zinapanda wima na kuzama wima. Hakuna hata moja inayokaa angani daima, na hakuna iliyofichwa kwetu daima: usiku mmoja unaweza kuuona Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa pia. Mwezi mwandamo unalala chali, pembe zake zikitazama juu. Jua linazama moja kwa moja, na giza linakuja bila kubisha hodi.

Sasa soma hadithi zinazoandikwa na vijana wetu. Falme zina majina ya Kiafrika, wafalme wanakula ndizi, ngoma zinapigwa, kisha usiku msafiri anainua macho kutafuta nyota isiyosogea, juu kabisa upande wa kaskazini! Nyota hiyo, Kutubu, kwetu imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima na vumbi. Hilo wanaloandika ni anga la London. Mwandishi amebadilisha kila kitu chini na kusahau kubadilisha juu.

Kingekuwa nini badala yake? Kwa kuwa nyota zinapanda wima, nyota inayochomoza hukuonyesha upande uleule kwa muda mrefu kabla haijapanda mno. Baharia wa ikweta anaweza kuzitumia kwa zamu: hii ikishapanda, ashike inayoifuata mahali palepale. Mabaharia wa visiwa vya Pasifiki walisafiri hivyo, wakikariri mahali kila nyota inapochomoza na kuzama. Huo ni utamaduni mzima ambao mwandishi wa Jinja au Mwanza angeweza kuujengea ulimwengu, na ungemkaa vizuri kuliko nyota ya kuazima.

Majina ya makundi ya nyota nayo hayaanguki kutoka hewani. Hubandikwa na mwenye kazi. Mabaharia wa Kiholanzi Keyser na de Houtman waliposafiri kusini kuanzia mwaka 1595, yalipatikana makundi ya nyota yenye majina ya kinyonga na samaki arukaye. Mfaransa Lacaille alikaa Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1751 na 1752 akipima anga, akaweka huko juu darubini, hadubini, saa na hata pampu ya hewa. Leo makundi rasmi ni 88, na dubu wapo wawili, ingawa hapa kwetu hakuna msitu wenye dubu. Waswahili nao wana Kilimia, na methali yake: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Aliyesema hivyo alikuwa na mbegu ghalani na alitaka kujua azipande lini.

Hata mbingu ya Ggulu, katika hadithi ya Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi wanayosimulia Baganda, si pambo. Huko juu kuna ng'ombe, kuna wakwe wenye masharti magumu, na balaa lote linatokea kwa sababu mtu amerudi kuchukua ulezi wa kuku. Wazee hawakuona haja ya Joka la Fedha wala Upanga wa Mfalme. Kundi la nyota liitwalo Upanga, katika kijiji ambacho hakuna mwenye upanga, linanifanya nifunge kitabu.

Ulimwengu ninaouandika mimi uko kando ya ziwa, na una miezi miwili tu. Mkubwa, Bibi, unapevuka kila siku 30. Mdogo, Mjukuu, kila siku 20. Hesabu inaanzia siku ya sifuri, yote ikiwa myeusi. Siku ya 30 Bibi anaficha uso tena, wavuvi wanaandaa taa, lakini siku hiyohiyo Mjukuu amejaa na kuwaharibia kazi, ndiyo maana watoto wa kule hutukanana kwa jina lake. Mpaka siku ya 60 ndipo yote miwili inatoweka pamoja. Wanaiita Giza Kuu. Samaki wanajaa mialo yote, madeni yanalipwa, mahari yanapelekwa, na aliyekopa anatafuta pa kujificha. Wavuvi wanaliita kundi fulani la nyota Karabai. Wakulima wa mlimani wanaziita nyota hizohizo Jembe, na kesi ya mpaka wa shamba imewahi kukwama barazani kwa sababu ya majina hayo.

Utabiri pia upo, kwa kuwa hadithi za namna hii hazikosi utabiri: miezi yote itakapojaa usiku mmoja, mfalme aliyepotea atarudi. Makuhani wanakusanya sadaka kwa ajili ya usiku huo tangu enzi za mababu. Chukua karatasi uhesabu. Bibi anajaa siku ya 15, ya 45, ya 75. Mjukuu anajaa siku ya 10, ya 30, ya 50, ya 70. Endelea utakavyo, hazikutani kamwe. Makuhani wanaijua hesabu hiyo. Mvuvi mmoja wa kike naye ameanza kuihesabu kwa kokoto chini ya mtumbwi wake, na sadaka ya msimu huu hajapeleka.