Kelele za Mbwa na Bei ya Kiti cha Profesa

Mbwa wa kwanza kufa katika filamu ya Kikorea Barking Dogs Never Bite hakuwa hata na uwezo wa kubweka. Ko Yun-ju, mhadhiri asiye na ajira ya kudumu, anashinda nyumbani kwenye fleti huku mkewe mjamzito ndiye anayekwenda kazini, na kelele za mbwa asiyemwona zinamtoboa masikio. Anapomkuta mbwa mdogo amebaki peke yake anambeba mpaka paani ili amtupe. Anashindwa. Anamshusha kwenye vyumba vya chini ya ardhi, anajaribu kumnyonga, anashindwa tena, kisha anamfungia kabatini na kuondoka. Kelele hazikomi. Baadaye anasoma tangazo la kumtafuta mbwa huyo: alifanyiwa upasuaji wa koo, hana sauti. Yun-ju anarudi mbio kumfungulia, na anachokikuta ni mlinzi wa jengo akijiandaa kupika mchuzi.

Hii ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji wa Korea Kusini Bong Joon-ho, iliyotoka Februari 2000, miaka 19 kabla ya filamu yake Parasite. Wakati ule watu wachache waliingia sinema kuitazama. Parasite ilipotwaa tuzo nne za Oscar mwaka 2020 watazamaji wengi walirudi nyuma kutafuta kazi zake za mwanzo, na mgogoro wa zamani ukafufuka: je, hii ni tashtiti ya maisha ya ghorofani, au ni ukatili uliopakwa kicheko?

Wanaoipinga wana hoja nzito, na sipendi zinavyopuuzwa na mashabiki. Mbwa wa pili anarushwa kweli kutoka paani. Mwenye mbwa ni bibi kizee anayeishi peke yake, na haukupita muda naye akafa. Katikati ya hayo muziki wa jazi unachangamka, watu wanafukuzana kwenye ujia mrefu wa ghorofa, na mtazamaji anajikuta anacheka kabla hajaamua kama anataka kucheka. Zaidi ya yote, mkosaji hakamatwi. Msomi huyu anayeua mbwa wa wenzake anamaliza hadithi akiwa profesa. Mtu akiniambia kwamba filamu hiyo ilimwacha na donge kooni na hataki kuirudia, simwoni kuwa hana uelewa wa sanaa.

Hapa yafaa niseme jambo kwa msomaji wa kwetu. Kwa familia zetu nyingi mbwa ni mlinzi wa nje, na kwa Waislamu wengi wa pwani mate yake ni najisi. Mbwa wa kupakatwa sebuleni anaweza kuonekana kwetu kuwa anasa tu. Katika fleti za Seoul, ambako bibi anaweza kumaliza siku nzima bila kuongea na mtu, mbwa huyo ndiye kiumbe pekee anayemsubiri mlangoni. Bila kulielewa hilo, kifo cha mbwa wa yule bibi kitaonekana kichekesho kitupu, nawe utakuwa umekosa nusu ya filamu.

Hata hivyo nawaunga mkono zaidi wanaoitetea, na sababu yangu haipo paani. Ipo kule chini kwa mlinzi. Aliporudi kumfungulia mbwa, Yun-ju akiwa amejificha kabatini, mlinzi anamsimulia mwenzake kisa cha fundi wa boila, mtambo wa kupashia jengo joto, aitwaye Kim. Jengo lilisimamishwa wakati wa pupa ya ujenzi ya mwaka 1988. Boila ikagoma, Kim akaitwa, akaitengeneza, halafu akasema waziwazi kwamba wakandarasi walikula pesa za vifaa. Ukazuka ugomvi, Kim akafa, na maiti yake ikafukiwa ukutani kwa saruji. Tangu hapo, asema mlinzi, usiku boila ikinguruma ni yeye.

Mgeni anaweza kuliona tukio hili kuwa ni hadithi ya mzimu iliyochomekwa kurefusha filamu. Mkorea wa mwaka 2000 hakuhitaji kuelezwa. Mwaka 1970 jengo la fleti za Wawoo mjini Seoul liliporomoka miezi michache tu baada ya kukamilika, likaua watu zaidi ya 30. Mwaka 1994 daraja la Seongsu lilikatika asubuhi watu wakienda kazini na shuleni, walikufa 32. Mwaka uliofuata duka kubwa la Sampoong likawaangukia watu na kuua 502, na uchunguzi ukaonyesha nguzo zilizopunguzwa, ghorofa iliyoongezwa juu na maofisa waliopewa hongo. Kati ya msiba wa 1970 na ile ya miaka ya tisini, serikali ya Rais Roh Tae-woo ilikuwa imeahidi nyumba milioni mbili, na maghorofa yakaota kila upande. Kwa hiyo mtu aliyezikwa ukutani anaitwa Kim, jina la ukoo lililoenea kuliko yote Korea, kwa sababu angeweza kuwa ndugu ya yeyote aliyekaa mle sinemani.

Sasa litazame boksi la keki. Ili apewe uprofesa, Yun-ju lazima ampelekee mkuu wa kitivo pesa, na pesa hizo zinafichwa ndani ya keki. Zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kiinua mgongo cha mkewe aliyepoteza kazi. Mke huyu tumemwona akimtumatuma mumewe na kumgombeza, tukamwona mkorofi. Kumbe alichojinunulia yeye ni kimbwa kimoja tu, zilizobaki alimkusudia mume. Tukio hili hunivunja moyo kila mara. Kitu kidogo kilichomzika Kim ukutani ndicho kinachomkalisha Yun-ju darasani. Bong, aliyesomea sosholojia katika Chuo Kikuu cha Yonsei, anatuonyesha jengo na chuo vikiwa vimejengwa kwa saruji moja.

Ndiyo maana siafiki lawama kwamba filamu inamwachilia mkosaji. Ingemfunga Yun-ju, tungetoka sinemani tumeridhika, tukidhani haki hutendeka. Badala yake kuna usiku anakutana na Park Hyun-nam, msichana karani wa ofisi ya jengo aliyemkimbiza muuaji bila kuiona sura yake. Yun-ju amelewa. Anaanza kukimbia mbele yake ili amtambue kwa mgongo. Mtu anataka kukiri na ulimi hauwezi, mgongo ndio unaosema. Hukumu gani ya mahakama ingekuwa nzito kuliko hiyo?

Kuna mahali pamoja, lakini, ambapo naona wapinzani wameshinda. Kule chini anaishi mtu asiye na makazi anayekula masalia ya mchuzi wa mlinzi. Yeye ndiye anayemkamata mbwa wa mke wa Yun-ju, Hyun-nam anamwokoa mbwa, na polisi wanapomchukua yule mtu, makosa ya wote yanaondoka naye. Watetezi husema hiyo ndiyo tashtiti yenyewe: msomi anaua kwa kukerwa akapanda cheo, maskini anashikwa kwa njaa. Ningekubali kama kamera ingemtendea hivyo. Yun-ju amepewa usiku wa majuto, bibi kizee amepewa figili zake alizozianika paani na kumwachia Hyun-nam, hata mlinzi amepewa hadithi yake. Huyu hana jina wala kisa, anatokea gizani kama zimwi ili tushtuke na kucheka. Filamu inayolaumu jengo kwa kuwasahau watu wa chini nayo imemsahau aliye chini kuliko wote.

Tangu hapo Korea imebadilika. Mwezi Januari 2024 bunge lilipitisha kwa kura 208 bila pingamizi sheria ya kukomesha ufugaji, uchinjaji na uuzaji wa mbwa kwa ajili ya nyama, adhabu zake zikianza mwaka 2027. Walinzi wa fleti nao, baada ya mmoja wao kujiua mwaka 2020 kufuatia mateso ya mkazi, walipata mwaka 2021 kanuni zinazoweka mipaka ya kazi wanazoweza kutumwa. Mbwa amepata sheria, mlinzi amepata kanuni.

Mwishoni mwa filamu mapazia ya ukumbi wa mihadhara yanafungwa mmoja baada ya mwingine, giza linamfunika profesa mpya akiangalia miti ya nje. Hyun-nam, asiye na kazi tena, anatembea msituni na rafiki yake, ameshika kioo, mwanga wa jua unatupiga machoni. Mara zote nilizoitazama nimesubiri kamera irudi hata kidogo kwa yule mtu wa chini, aliko sasa. Hairudi.