Jirani Mwema Hafai Kwenye Tamthilia

Wanaowacheka watu wanaolia tamthilia ikifika mwisho siwaelewi. Mtu amefuatilia hadithi moja kwa miaka, karibu kila siku, saa ileile. Amewaona wahusika wake mara nyingi kuliko alivyowaona binamu zake wa damu. Anajua nani ana wivu, nani anaficha siri, nani akikasirika hubamiza mlango. Halafu siku moja wanapita majina ya waigizaji, muziki unakatika, na kesho yake saa ya kipindi inafika mkono umeshaikamata rimoti bila kujua unatafuta nini.

Mwaka 1956, televisheni ikiwa bado changa, wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu ukaribu huu wa ajabu: mtazamaji humzoea mtu wa kwenye skrini kama rafiki, na mwenzake wala hajui kwamba yupo. Ni ukaribu wa upande mmoja. Lakini pengo linalobaki ni la kweli, na mimi simwonei aibu yeyote anayelihisi.

Isipokuwa vifo vya tamthilia havifanani. Telenovela za Amerika ya Kusini huzaliwa zikijua siku yao ya kufa. Unaingia ukifahamu kwamba baada ya miezi kadhaa mwovu atalipwa maovu yake, wapendanao watafunga ndoa, na kila mtu atakwenda zake. Ukilia, unalia kwa furaha. Zinazoumiza ni zile zisizopangiwa mwisho, zinazoendelea mpaka mwenye fedha achoke. Guiding Light ya Marekani ilianza redioni mwaka 1937, ikahamia kwenye televisheni mwaka 1952, ikazimwa Septemba 2009. Miaka 72! Wapo walioirithi kutoka kwa mama zao kama mtu anavyorithi sanduku la nguo, wakaja kuambiwa kwamba watazamaji wamepungua na hesabu hazikubali.

Ninayotaka kuisema hasa ni Neighbours ya Australia, kwa sababu yenyewe ilijipa jina la ujirani. Ilianza Machi 1985. Kituo cha kwanza kiliichoka mapema, kingine kikaiokota mwaka 1986, na ikageuka kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Harusi ya wahusika wake Scott na Charlene, walioigizwa na Jason Donovan na Kylie Minogue, ilipoonyeshwa Uingereza mwaka 1988, karibu watu milioni 20 waliitazama. Mwaka 2022 kituo cha Uingereza kilichokuwa kikiigharimia kilijitoa, na Julai 28 mwaka huo wakaagana. Scott na Charlene walirudi mtaani kwa ajili ya siku hiyo, wakiwa watu wazima. Ilikuwa buriani iliyopangwa vizuri kuliko mazishi mengi niliyohudhuria.

Kisha wakaiharibu. Amazon iliifufua mwaka 2023, na Desemba 2025 ikazimwa kwa mara ya pili. Najua wapenzi wake walifurahi kuiona tena, na waliolipwa mshahara kwa miaka hiyo miwili walifurahi zaidi. Hata hivyo nadhani machozi hayakubali kuitwa mara mbili kwa msiba uleule. Ukishaaga, ondoka.

Sasa, mtaa unaoonekana kwenye tamthilia hiyo, Ramsay Street, upo kweli. Ni kijia kifupi kisicho na njia ya kutokea, kinaitwa Pin Oak Court, pembezoni mwa Melbourne. Nyumba zilipigwa picha kwa nje tu, ya ndani yakaigizwa studio. Ndani ya nyumba zenyewe waliishi watu wa kawaida, na wageni kutoka mbali walikuja kusimama mbele ya mageti yao wakijipiga picha. Mimi wananivutia hao kuliko wahusika wote. Kwenye tamthilia, wakazi wa mtaa huo wamesalitiana, wameibiana wachumba, wameuana. Mwaka 2005 walipandishwa ndege ikaanguka baharini. Wakati huohuo, nyuma ya mapazia halisi, mtu alikuwa akipiga pasi shati la kazini. Maisha ya huyo hakuna kituo ambacho kingeyanunua.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Jirani mwema hafai kwenye tamthilia. Mtunzi akimpata atamwondoa kabla ya sehemu ya tatu, maana hana kisa. Kazi yake yote ni kuzuia visa. Anaona maji yanavuja chini ya mlango wako anakupigia simu. Anapokea mzigo wako anauweka ndani kabla ya mvua. Anasikia mtoto wako amerudi na wewe hujarudi, anamwita kwake bila kukuandikia risala. Anapunguza sauti ya redio bila kuombwa. Na umahiri mkubwa kuliko wote: anajua mambo yako, kwa sababu kuta ni nyembamba, na hayajawahi kutoka kinywani mwake. Kwenye tamthilia, siri iliyosikika ukutani lazima ilipuke. Kwake inakufa kimyakimya.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wazee, na wahusika wa televisheni ni fimbo ya mbali kuliko zote. Silaumu mapenzi tuliyonayo kwao. Nashangaa tu jinsi tulivyo wakarimu kwao na wabahili kwa wa karibu. Mwigizaji akitoka kwenye tamthilia tunaandika ujumbe mrefu wa shukrani kwa mtu asiyetufahamu. Jirani akihama, mara nyingi tunagundua kwa kuona gari la mizigo limeegeshwa, na tunaishia kusema, «Kumbe unahama?» Tamthilia hutangaza sehemu yake ya mwisho wiki kadhaa kabla. Jirani haji na tangazo.

Sisemi tupendane wote. Kuna majirani ambao kuondoka kwao ni sikukuu, na aliyewahi kuishi chini ya mtu anayeburuta viti usiku hahitaji mahubiri yangu. Nasema juu ya wale wema, ambao wema wao umezoeleka mpaka hauonekani tena, kama taa ya ngazini ambayo hakuna anayejiuliza nani hubadilisha balbu yake.

Kwetu mwenye kubadilisha balbu ni mzee wa mlango wa pili. Juzi nilimgongea nikamwambia nimekuja kushukuru: kwa balbu, kwa funguo zangu anazonihifadhia, kwa ile siku aliyokaa na fundi mpaka nikarudi. Alinisikiliza kwa makini mpaka mwisho, uso umejaa wasiwasi, kisha akaniuliza ninahama lini.