Kwenda kuhesabiwa: hesabu mbili za Krismasi ya Uchagani

Ikifika katikati ya Desemba, Dar es Salaam huanza utani wake wa kila mwaka: Wachagga wanaorudi kwao Kilimanjaro kwa Krismasi wanakwenda kuhesabiwa. Anayebaki mjini huulizwa kama hajui kwamba jina lake litafutwa. Sensa ya kweli ilifanyika Agosti 2022, na makarani walitukuta hukuhuku mjini na vishikwambi vyao, lakini utani haujali. Ukiuchunguza, haujakosea sana. Mgombani kuna kuhesabiwa kwingine, na karani wake ni shangazi aliyekaa kwenye kigoda karibu na pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi.

Mwaka jana, kwetu Marangu, ubishi ulianza mapema, mwezi Oktoba. Mdogo wangu aliandika kwenye kundi la simu la familia kwamba yeye, mkewe na watoto wao 3 hawapandi mlimani Krismasi. Akaweka na hesabu: nauli tuseme 40,000 kwa kichwa, watu 5, kwenda na kurudi, ni 400,000 kabla hajanunua hata kilo moja ya sukari ya kumpelekea mtu. Wengi tulinyamaza. Baba mdogo alijibu kesho yake kwa maneno machache: "Sawa, mwanangu. Sisi tutakaa kikao." Aliyekulia kule anajua jibu hilo lina uzito gani.

Nianze na upande wa mdogo wangu, maana ndio unaodharauliwa. Nauli ni kipande kidogo tu. Mtu aliyetoka mjini hafiki mikono mitupu: kuna mchele, mafuta ya kupikia, khanga za mama na za mashangazi, kreti za soda, mchango wa mbuzi. Kuna na ibada yenyewe, ambako mnada wa mazao nje ya kanisa unaweza kukununulisha kuku mmoja kwa bei ya watatu kwa sababu tu umetajwa jina mbele ya watu. Kisha Januari inaingia na ada, sare za shule na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi 6. Nawajua watu waliokopa kwenye kikoba Desemba ili wasionekane wamekwama, wakawa wanalipa hadi Juni. Na wapo, nasema bila kumtaja mtu, wanaokodi gari la kupandia mlimani na kulirudisha tarehe 3.

Barabara nayo ina yake. Ni kilometa kama 550, Chalinze, Segera, Mombo, Same, sehemu kubwa gari moja upande huu na moja upande ule, na umati wote unataka kupita ndani ya siku tatu zilezile. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, lakini pale stendi ya Magufuli wakati huo kila aliyeshika kitabu cha risiti ni wakala. Mwaka mmoja nilikatiwa siti ambayo kumbe ilikwisha kuuzwa kwa mama mwenye mtoto. Nikakaa juu ya ndoo hadi Korogwe. Tangu hapo mambo yamepungua ukali. Treni ya abiria ya Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20, na mwaka 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kusafiri usiku, jambo lililokuwa limepigwa marufuku tangu miaka ya 1990. Lakini hakuna treni wala basi litakaloifanya tarehe 23 Desemba iwe siku mbili.

Gharama kubwa kuliko zote haimo kwenye hesabu ya mdogo wangu, kwa kuwa si yeye anayeilipa. Wanaume tunakaa uani na mbege, tunasubiri kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, tunabishana kuhusu bei ya kahawa. Wake zetu wanaamka saa kumi na moja kumenya ndizi za mtori wa watu zaidi ya 20, kisha vyombo, kisha chakula cha mchana, kisha vyombo tena. Mke wangu, ambaye si wa kule, aliniambia kwamba katika Krismasi 9 za kwetu ameuona mlima mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anakwenda kuchota maji. Tunayoiita likizo ya familia, kwa nusu ya familia ni zamu ya kazi.

Kuna hoja nyingine ambayo mdogo wangu aliitoa baadaye, kwa sauti ya chini, nami naiona ndiyo yenye nguvu. Mwanawe alipougua usiku, aliyemwendesha hospitali ni jirani yake wa Mbagala, Mzaramo, aliyewasha bajaji saa nane bila kuuliza nauli. Walioleta uji na kukaa na mkewe ni wanajumuiya wa mtaani. Ndugu wa damu tulituma pole na pesa kwa simu. Kwa nini basi, alihoji, siku zake chache za mapumziko azitumie kwa watu anaoonana nao mara moja kwa mwaka, na hawa wa kila siku awaachie salamu dirishani?

Sasa upande wa baba mdogo. Wa nje anaiona safari ya Krismasi kama hamu ya mtori na baridi. Iko hamu, lakini chini yake kuna ardhi. Kihamba, lile shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati na makaburi pembeni, hakikui. Watoto ndio wanaoongezeka. Kwa desturi kitinda mimba hubaki kwenye boma la baba na wa kwanza hutafutiwa chake. Wa katikati ndiye aliyetoka kutafuta maisha. Misheni zilizofunguliwa Kilema na Machame mwanzoni mwa miaka ya 1890 zilileta shule, kahawa ikalipa karo, na wale wa katikati wakawa makarani, walimu, wenye maduka, kuanzia Moshi mjini hadi Kariakoo. Mtu aliyeondoka hivyo hajaondoka kabisa. Ana haki inayotegemea kukumbukwa, na haki ya kukumbukwa huhuishwa kwa kuonekana. Desemba ikawa mwezi wake kwa sababu shule zimefunga, likizo zinapatikana na kanisa lina sikukuu.

Kikao chetu hukaa tarehe 26, chini ya mparachichi. Ajenda haziandikwi, ila zinajulikana: masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyosogezwa, mtoto wa marehemu nani atamsomesha, posa iliyokuja, ndugu wawili wasiosemeshana. Miaka miwili iliyopita dada yangu, aliyeachika, aliomba apewe kipande cha kujenga. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa, lakini sheria haikai chini ya mparachichi. Alishinda kwa sababu alikuwepo, amevaa khanga, amewagawia wazee mbege kwa mkono wake, na shangazi akasimama kumsemea. Kwa simu angeambiwa, "Tutaliangalia." Simu haiwawezeshi wazee wawili kwenda nyuma ya banda la ng'ombe kwa dakika kumi wakarudi wameelewana.

Ndiyo maana mawaidha ya kwamba watu wapande wakati wowote mwingine, nauli ikiwa tulivu, hayajibu hoja ya baba mdogo. Desemba ni ghali kwa sababu wote wanakwenda, na ina faida kwa sababu hiyohiyo. Ukipanda Agosti utapata siti ya dirishani, utalala usingizi wa raha, utamkuta mama. Kikao hutakikuta.

Hapo kwenye kumkuta mama ndipo nilipoanza kushuku kwamba tunabishana kuhusu safari mbili tukidhani ni moja. Ukoo unahitaji Desemba, sina shaka. Mama je? Mwulize mtu yeyote wa kwetu anapandia nini, atakwambia anakwenda kumwona mama. Lakini tarehe 25 nani anamwona? Anahesabu sahani. Anatafuta magodoro. Anamkimbiza mbuzi aliyekata kamba. Tarehe 27 magari yanaanza kushuka kuelekea Himo, na ikifika wiki ya kwanza ya Januari amebaki yeye, ng'ombe mmoja na msichana wa kazi, hadi Desemba nyingine. Ana watoto 6 na anaonekana kwa wingi siku nne kwa mwaka, tena siku zile ambazo hana hata nafasi ya kukaa.

Kwa maoni yangu mdogo wangu alikuwa sahihi kuhusu Krismasi na alikosea kuhusu kutokwenda. Nyumba moja ingeweza kutuma mtu mmoja kikaoni, kwa nauli moja, bila gari la kukodi na bila kumpeleka mtu jikoni kwa siku nne. Familia yenyewe ikapanda Pasaka: kutoka Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ni siku 4, ukiondoka Alhamisi usiku huombi hata ruhusa kazini. Ni msimu wa masika, njia ya juu ni tope na pikipiki zinateleza. Lakini nyumba ina watu wachache, na mtu anasikika.

Mpango huu una kasoro na sitaki kuzificha. Watoto wa binamu hujuana Desemba tu. Ukitawanya safari, watakuja kukutana kwenye misiba wakiwa wageni. Kasoro ya pili inaniuma zaidi: nyumba ikitakiwa kutuma mtu mmoja, itamtuma mwanamume. Tutakuwa tumewaokoa wake zetu na jiko, halafu tumewarudishia wazee kikao kisicho na shangazi wala dada. Sijapata dawa ya hilo. Mke wangu anasema dawa ni yeye kwenda kikaoni na mimi kubaki Dar na watoto. Nimemwambia nitalifikiria, naye amecheka.

Pasaka iliyopita mdogo wangu alipanda na watoto wake wawili, bila kumwambia mtu. Jumamosi mvua ilinyesha kutwa, wakakaa na mama mezani wakichambua maharage. Akamwona anayachambua kwa vidole bila kuyaangalia, na mawe anayaacha. Akamsogezea mkono upande wa kushoto, mama hakuushtukia. Jumanne alimshusha Moshi, daktari akasema ni mtoto wa jicho, amekomaa siku nyingi.

Krismasi iliyotangulia shangazi alituhesabu watu 23 uani. Tulimwona mama akipapasa ukuta kila alipotoka jikoni, macho yanamtoka machozi. Tulidhani ni moshi wa kuni.