"Jikaze" Si Maelekezo

Ujumbe nilikuwa nimeshauandika wote. Aya nne za kumshushua kaka yangu wa tumbo moja kuhusu nyumba ya marehemu baba, na kidole kipo juu ya kile kimshale cha kijani cha WhatsApp. Saa tano na nusu usiku. Mapigo ya moyo nayasikia hadi masikioni. Nikaiacha simu juu ya friji, nikamwaga maji na barafu kwenye beseni, nikabana pumzi na kuzamisha uso. Nikatoka, nikahema, nikarudi. Mara ya tatu moyo ulikuwa umeshuka. Hasira ilikuwepo bado, ila sasa niliweza kukaa nayo chumba kimoja.

Ujanja huo wa beseni si wangu. Uso ukiingia kwenye maji baridi huku umebana pumzi, mwili hudhani umepiga mbizi, na moyo hupunguza mwendo. (Mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kwanza, asije akanilaumu.) Nimeutoa kwenye tiba iitwayo DBT, tiba ya tabia ya kidayalektiki. Wazee waliosoma siasa Mlimani miaka ya sabini watalikumbuka hilo neno: mambo mawili yanayopingana yakawa kweli kwa pamoja.

Sisi tumelelewa kwa "jikaze", "vumilia", "tulia basi". Sisemi ni maneno mabaya, yametuvusha mengi. Ila hayo ni maagizo, si maelekezo. Ni sawa na kumkabidhi mtoto mchele na sufuria umwambie apike pilau, naye hajawahi kuona hata kitunguu kinavyokaangwa. Akiunguza, tunasema mtoto huyu mzembe.

Aliyeunda tiba hii, Mmarekani Marsha Linehan, aliunguzwa na hilo mwenyewe. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Hartford, akakaa humo zaidi ya miaka miwili, akijikata na kujiunguza, akifungiwa chumba cha peke yake. Baadaye akawa profesa wa saikolojia Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, akashughulika na watu ambao wataalamu wengi waliwakwepa: wanaotaka kujiua mara kwa mara. Utafiti wake wa kwanza wa kulinganisha wagonjwa ulitoka mwaka 1991. Habari zake mwenyewe hakuzitoa hadharani hadi 2011, na alirudi kuzisemea kulekule Hartford.

Alichogundua ni kwamba ukimwambia mtu wa namna hii "badilika", anasikia "wewe ni tatizo". Ukimwambia "pole, nakuelewa" ukaishia hapo, anabaki anaungua. Kwa hiyo tiba inashika yote mawili: maumivu yako yana sababu, na bado lazima ujifunze kuishi kwa namna nyingine. Hapa ndipo naipendea. Watu huchanganya kuelewa na kuidhinisha. Mke anayepigwa haambiwi akubali kipigo. Anaambiwa woga na hasira yake si wazimu, halafu anafundishwa kudai haki yake bila kutetereka.

Kitu kilichonigusa zaidi ni kuchora mnyororo. Baada ya mlipuko unarudi nyuma, pete kwa pete. Wangu ulikuwa hivi: mchana sikula. Nikakosa gari, nikasimama kituoni saa nzima. Nikampigia kaka mara mbili, hakupokea. Kisha nikafungua simu, nikaona wifi kaweka picha za vigae vipya vya sebuleni. Nikasema moyoni, "kodi ya nyumba ya baba hiyo". Ushahidi? Sina. Na tazama, sahani ya wali saa saba mchana pengine ingeukata mnyororo mzima! Nilicheka peke yangu, kwa aibu.

Tusidanganyane lakini. Beseni si tiba. DBT kamili kwa kawaida ni mwaka mzima: mtaalamu kila wiki, darasa la stadi la kikundi, simu ya kumpigia mtaalamu unapozidiwa, na wataalamu wenyewe kukutana ili wasichoke. Kwetu kumpata mtu aliyesomea haya ni kazi, na kumlipa ni kazi ya pili. Kenya, kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kilitamkwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025 tu. Anayefikiria kujiua anahitaji mtu wa kukaa naye na hospitali, si makala yangu. Lakini zile stadi za kawaida, kutaja hisia kwa jina lake, kusubiri, kuomba jambo bila matusi, sioni kwa nini zisifundishwe shuleni au hata kwenye vikao vyetu vya vikoba. Tunafundishana kutengeneza sabuni, hili linatushinda nini?

Asubuhi nilifuta zile aya nne. Nikaandika: "Kaka shikamoo. Kodi ya nyumba ya baba sijaiona tangu Januari. Linaniuma, najiona kama mgeni. Naomba tukae pamoja tuzipige hesabu."

Alijibu baada ya siku mbili. "Marahaba. Tutaongea Idi."

Idi ikapita. Hesabu bado. Lakini tunapigiana simu.