Mapigo ndani ya ubongo: uchafu wa picha au habari yenyewe?

Usiku usio na mwezi, ukisimama Capri Point hapa Mwanza, unaona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani, kila moja ikipanda na kushuka na wimbi. Sasa fumba macho, uwe unafumbua mara moja tu kila sekunde kadhaa. Taa ile ile utaiona inakwenda polepole, kana kwamba ziwa limetulia.

MRI ya kawaida (mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili) inayochunguza kazi za ubongo imekuwa ikiyatazama mapigo ya moyo yanayofika ubongoni namna hiyo. Kwa kawaida hupiga picha ya ubongo mzima takribani kila sekunde 2. Moyo unaopiga mara 63 kwa dakika hupiga mara 2.1 kati ya picha na picha; kinachobaki kuonekana ni ile 0.1, na pigo la haraka linageuka wimbi la sekunde 20. Ukipiga mara 66, wimbi linakuwa la sekunde 10. Ukipiga 60 barabara, halionekani kabisa. Hesabu hii inanikosesha raha, maana mawimbi ya sekunde 10 hadi 100 ndiyo hasa watafiti wanayosoma wakitafuta jinsi sehemu za ubongo zinavyoshirikiana mtu akiwa amepumzika. Mapigo matatu ya nyongeza, ambayo mtu huyapata kwa kushtuka kidogo tu, na wimbi zima limebadilika sura.

Ndiyo maana wengi hutaka moyo na pumzi vifutwe kwenye picha, na sababu zao ni za kweli. Kupumua hubadilisha kabonidayoksaidi katika damu, damu inayokwenda ubongoni huongezeka au hupungua, na picha huonyesha kama ubongo umefanya kazi wakati mtu amevuta pumzi tu. Mwaka 2000 mtafiti Glover na wenzake walitoa njia ya kuyaondoa mapigo ya moyo na pumzi kwenye picha, na imesaidia sana.

Lakini kuyaita uchafu ni kuyaonea. Mwaka 2016 Vesa Kiviniemi na wenzake wa Oulu, Ufini, walitumia mbinu ya MREG, inayopiga picha 10 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo pigo la moyo halijifichi tena. Walitenganisha mawimbi matatu: la moyo, la pumzi, na la polepole la mishipa ya damu yenyewe kubana na kulegea. Kila moja lina kazi yake. Ateri zikijaa damu husukuma maji yanayouzunguka ubongo. Ukivuta pumzi, shinikizo kifuani hushuka, damu ya vena hutoka kichwani, na kwa kuwa fuvu halitanuki, maji hayo hupanda kuziba nafasi. Ukweli huo wa fuvu tumeujua tangu daktari Monro wa Scotland, mwaka 1783.

Na maji hayo yanadhaniwa kusaidia kuondoa taka za ubongo. Utafiti wa mwaka 2018 kwa panya ulionyesha kuwa presha ikipandishwa, ukuta wa ateri hubadilisha mwendo na maji yanayosonga mbele hupungua. Kwetu, ambako mtu hugundua ana presha siku anapoanguka, sioni kwa nini mwendo huo wa ateri uendelee kutupwa pamoja na uchafu.

Wapinzani wana hoja moja nzito: pigo si mtiririko. Wimbi hupita chini ya mtumbwi na mtumbwi ukabaki palepale. Picha za Oulu zinaonyesha mapigo, hazipimi taka zikitoka; na picha za haraka hivyo hupoteza undani wa maumbo madogo. Hapo nakubaliana nao.

Ila hata penye mashine ya polepole, kibanio cha kidoleni na mkanda wa tumboni vinatosha kurekodi moyo na pumzi kwa muda wote mgonjwa anapokuwa ndani. Anayetaka kufuta afute baadaye, rekodi ikiwa imehifadhiwa.