Uzamivu wa sayansi ya tiba unasomeka hapa hapa
Kuna makala inasema kijana wa Afrika Mashariki akitaka shahada ya uzamivu (PhD) kwenye sayansi ya tiba na viumbe hai, lazima apande ndege kwenda Ulaya. Hapo sikubali. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, Nairobi, inalea watafiti wa uzamivu kwa mpango wake wa ARPPIS tangu 1983, na shahada zao hutolewa na vyuo vikuu vya Afrika. Kilifi wapo watafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome tangu 1989, na Ifakara, Tanzania, mbu wa malaria wanachunguzwa palepale wanapouma watu. Mimi yangu niliifanyia hapa nyumbani. Kilichonitesa hakikuwa masomo, ni vitendanishi, yaani kemikali za vipimo vya maabara! Niliagiza vya kupimia DNA, vikakwama njiani wiki tisa. Nilipofungua boksi, barafu ilishayeyuka zamani, chupa zinaelea majini, zote za kutupa. Mwenzangu aliyekuwa Ulaya akiagiza Jumatatu, Jumatano anavyo mezani. Hilo ndilo liandikwe, na wafadhili watenge fungu la usafirishaji na jenereta la majokofu, si karo na posho tu. Mliosomea uzamivu Morogoro, Makerere au Kigali, nyinyi vitendanishi vilikuwa vinawafikia baada ya muda gani?