Kuku wa uani achaguliwe kwa tabia, si kwa jina

Juzi mtaani kwetu hapa Malindi, jogoo wa kuchi alimrukia mtoto wa jirani, mtoto ambaye hata nasari hajaanza. Kipi kilimchana chini ya jicho. Chini kidogo tu. Na jioni ile ile mwenye jogoo alikuwa barazani akisifia urefu wa shingo yake na bei aliyotajiwa na mtu wa Lamu. Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha.

Kuchi ni wa kwetu, simkatai. Mrefu, kifua kipana, nyama ya kushiba, na watu wa Lamu wana haki ya kumwonea fahari. Lakini damu yake ni ya kupigana. Mwenye shamba na nafasi amfuge. Ua mdogo ambako watoto wanacheza na bibi amekaa chini anachambua mchele, hapo si mahali pake.

Tabu ni kwamba anayemkimbia kuchi siku hizi anakimbilia picha za kuku wa kigeni kwenye simu. Anataka Orpington, anataka Brahma, anataka Silkie, kwa kuwa ameambiwa hao ndio wapole kupita wote. Wapole ni wapole, sibishi. Ila Orpington alitokana na kazi ya William Cook huko Kent, Uingereza, mwaka 1886, na manyoya yake mazito ni ya nchi ya baridi. Kuku hatoki jasho. Joto hulitoa kwa kuhema, mdomo wazi na mbawa kaziachanisha na mwili, na kwa ngozi isiyofunikwa. Mlete hapa mwezi Machi, kaskazi imelegea na hakuna upepo wa kutikisa hata kuti, umwone saa nane mchana anavyohangaika. Brahma ana manyoya mpaka vidoleni; masika ikiingia, matope yanamgandia miguuni. Silkie, wa asili ya China, manyoya yake ni kama sufu na hayazuii maji, na kile kishungi humziba macho asimwone kunguru wala mwewe. Kumweka kiumbe mpole kwenye mateso hayo ni dhuluma.

Wanaofaa tunao. Kishingo, kwa mfano. Ile shingo tupu inatokana na jeni moja tu, na kuku akiirithi kwa wazazi wote wawili, manyoya ya mwili mzima hupungua kwa karibu asilimia 40. Jua likiwaka, yeye bado anaparura. Kidimu naye, kwa manyoya yake yaliyojipinda, joto humtoka upesi, na naomba tuache kumwona kama kuku wa mganga. Kuroiler, yule chotara wa asili ya India, ametulia na mayai anayo mengi, nakubali, lakini kuatamia ni nadra, kwa hiyo kila ukitaka vifaranga unarudi dukani.

Hata kishingo, hata hivyo, usimnunue kwa jina. Nenda kwa mfugaji jioni, kuku wanaporudi bandani. Chuchumaa. Nyoosha mkono wenye machicha ya nazi, unyamaze. Tembe atakayekuja akadonoa kiganjani, huyo ndiye wako. Kisha mtazame jogoo aliye baba yao. Akikusogelea ubavuubavu, ameshusha bawa moja na manyoya ya shingo yamemsimama, ondoka, hata kama anauzwa nusu bei, maana ukali wa namna hiyo hurithiwa. Koo mwenye vifaranga usimhukumu kwa kipimo hiki. Yeye atamfukuza yeyote, na ana haki. Mrudie watoto wake wakishakua.

Vifaranga navyo vishikwe mapema, tangu wiki ya kwanza, kila siku, kwa mkono wa chini na si kwa kunyakuliwa kutoka juu. Kinachoshuka kutoka juu, kwa kifaranga, ni kunguru. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu wameijaza pwani yote, na kifaranga aliyezoea kuogopa mkono atakuogopa mpaka uzee wake. Mwambie mtoto akae chini, apakate kifaranga, asikimbizane naye. Chanjo ya kideri irudiwe kila miezi 3, maana ugonjwa huo hauchagui mpole wala mkali.

Jogoo aliyekwisha kumrukia mtu asiachwe apande. Achinjwe, awe mzuri namna gani. Na kama haja yako ni mayai ya nyumbani tu, jogoo wa nini? Mtetea hutaga bila yeye. Mayai hayo hayatatotoa, lakini kwa kukaanga ni yale yale, na watoto watacheza uani bila mtu mzima kusimama na fimbo.